Fomu Ibandikwe Mlangoni na Mtandaoni

Wakubwa wengi wa siku hizi wana kurasa zao katika mitandao ya kijamii. Asubuhi mkubwa hutia picha yake akifungua kisima, jioni hutia nyingine akipeana mikono na wageni, na wasaidizi wake hukaa wakihesabu watu waliopendezwa. Jambo hilo halina dhambi, lakini tusilipe jina lisilo lake. Zamani watawala wa pwani walipigiwa siwa. Leo siwa imekuwa simu. Kuendesha serikali kwa uwazi ni jambo jingine kabisa, nasi twapenda kulieleza kwa mfano wa jirani zetu wa Kenya.

Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022, Kenya ilikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura. Katika kila kituo, kura zilipokwisha kuhesabiwa, msimamizi alijaza karatasi iitwayo Fomu 34A, mawakala wa wagombea wakaitia saini, kisha akaipiga picha na kuipeleka makao makuu. Mpaka hapo hapana jambo geni. Geni ni kwamba Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliziweka picha hizo katika tovuti yake kadiri zilivyofika, kituo kwa kituo, hata mkulima wa Bungoma na mwanafunzi aliyeko London wakaweza kuzifungua, kuzisoma na kujumlisha wenyewe. Hawakuulizwa wao ni nani wala wazitakia nini.

Tovuti ile haikushuka kutoka mbinguni. Desemba 2007 matokeo ya Rais yalitangazwa, na mwananchi wa kawaida hakuwa na karatasi ya kuyapimia. Watu zaidi ya 1,100 walikufa katika ghasia zilizofuata. Januari 2008 Wakenya wachache wenye ujuzi wa kompyuta walitengeneza mtambo walioupa jina la Kiswahili, Ushahidi, ili watu watume habari za mashambulizi kwa simu na kwa intaneti, nazo zionekane katika ramani. Ilikuwa kazi njema, lakini ilikuja baada ya damu kumwagika. Mwaka 2013 vyombo vya kupeleka matokeo viliharibika. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba hesabu iliyotangazwa katika jimbo ndiyo ya mwisho, wala haiwezi kubadilishwa na wakubwa wa Nairobi. Na Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa Rais, na miongoni mwa sababu zake ni jinsi matokeo yalivyopelekwa. Kwa hiyo uwazi wa mwaka 2022 ulidaiwa mahakamani na raia waliochoka kuambiwa waamini tu.

Je, ulimaliza ugomvi? La. Agosti 15, 2022 makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo, naye aliyeshindwa akaenda mahakamani. Vyombo vya habari navyo, vilivyokuwa vikijumlisha fomu zile zile, vilionyesha hesabu mbalimbali kwa wakati mmoja, maana kila kimoja kilianza na majimbo yake, watazamaji wakatahayari. Hapo twailaumu Tume kidogo. Picha elfu arobaini na sita za mwandiko wa mkono si hesabu bado. Ilifaa tarakimu nazo ziwekwe katika jedwali linaloweza kujumlishwa na kompyuta. Hata hivyo, kesi iliposikilizwa palikuwa na kitu cha kushika mkononi. Fomu zilizo mtandaoni zililinganishwa na fomu halisi, na hukumu ya Septemba 5 ikasema hapakuonekana tofauti za maana. Waliokuwa wakibishana walibishana juu ya karatasi, na hiyo ni hatua kubwa kuliko kubishana kwa mapanga.

Sasa twauliza: ikiwa fomu za vituo vyote hivyo ziliweza kuonekana kwa siku chache, fedha za wananchi zina siri gani? Mkataba wa barabara ni karatasi. Hati ya kupokea dawa za zahanati ni karatasi. Kenya ilizindua tovuti yake ya takwimu huria Julai 2011 kwa shangwe nyingi, lakini takwimu zake zikaachwa kuchakaa. Sheria ya mwaka 2016 yampa ofisa siku 21 kumjibu Mkenya aombaye habari. Ni sheria njema, ila mtu haombi asichojua kuwa kipo.

Wala uwazi si wa kuonyesha tu. Ni wa kusikiliza pia. Mwaka 2024 vijana wa Kenya waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri, wakaueleza kwa video fupi katika TikTok na X, na kuwapigia simu wabunge wao. Huo ndio ushiriki wa umma unaotajwa katika Katiba yao. Bunge liliupitisha. Juni 25 waandamanaji waliingia katika Bunge, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais akasema hatautia saini. Jibu lililowezekana Juni 26 lilishindikanaje wiki moja kabla, wakati hoja zilikuwa zimekwisha kuandikwa na kila mtu akizisoma?

Nasi Tanzania hatuna haki ya kuwanyoshea jirani kidole. Tulijiunga na Ushirikiano wa Serikali za Uwazi mwaka 2011, tukajitoa mwaka 2017. Sheria yetu ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ingalipo, na muda wake ni siku 30. Tena tunayo desturi ambayo wengine wangeitamani: mkutano mkuu wa kijiji husomewa mapato na matumizi kila miezi mitatu, na karatasi yake hubandikwa katika ubao wa matangazo. Mahali pengine husomwa kweli, mahali pengine mwenyekiti huisoma mbiombio jua likizama.

Twashauri karatasi hiyo ipigwe picha siku ile ile, ikiwa na muhuri na saini, iwekwe katika tovuti moja ya nchi nzima kwa jina la kijiji na tarehe, na tarakimu zake ziandikwe kando. Ibaki pia ubaoni, maana bibi asiye na simu ya kisasa ana haki sawa na mjukuu wake aliyeko Mwanza. Mjukuu akiona kisima kimelipiwa, bibi atamwambia kama maji yanatoka. Na kijiji ambacho nafasi yake katika tovuti i tupu kwa miezi sita, mkurugenzi wa halmashauri aulizwe sababu.