Mgombea na vazi jeupe: asili ya neno "candidate"

Neno la Kiingereza candidate, yaani mgombea, asili yake ni nguo. Katika Roma ya kale, mwanamume aliyetaka cheo cha umma alivaa toga iliyosuguliwa kwa chaki mpaka ikang'aa, ili watu wamtambue kwa mbali. Kilatini kilitofautisha weupe wa kawaida, albus, na weupe unaong'aa, candidus. Vazi hilo liliitwa toga candida, na aliyelivaa akaitwa candidatus. Mwanahistoria Livy anaeleza kwamba mwaka 432 K.K. ilipitishwa sheria ya kuwakataza wagombea kuyazidishia mavazi yao weupe. Sheria hiyo haikufua dafu. Karne nne baadaye toga candida ilikuwa bado inavaliwa.

Shina la neno ni kitenzi candere, kung'aa. Humo ndimo lilimotoka candela, mshumaa, ambalo Waingereza wanalitamka candle. Candid nalo kwanza lilimaanisha cheupe, kisha mtu asiye na hila, na leo ni msema kweli asiyeficha neno. Ukoo huu umefika hata Uswahilini: candela lilipita kwa Wagiriki likaingia Kiarabu, na kutoka huko Waswahili wakapata kandili.

Lakini kumweleza candidatus kwa nguo yake tu, kama wafanyavyo walimu wengi wa mizizi ya maneno, ni kumweleza nusu. Nusu ya pili iko miguuni. Mgombea alizunguka mjini akiwashika mikono wapiga kura, na pembeni yake mtumwa aliyeitwa nomenclator akimnong'oneza jina la kila anayemkaribia, ili amwamkie kama mtu anayefahamiana naye siku zote. Huko kuzunguka ni ambire, na kitenzi hicho kilizaa nomino mbili. Ambitio ilikuwa kutafuta kura na, baadaye, tamaa ya makuu. Ambitus likawa jina la kosa: kununua kura.

Kosa hilo liliwasumbua Warumi kiasi cha kulitungia sheria baada ya sheria. Mwaka 63 K.K. mwanasiasa Cicero, akiwa konsuli, yaani mmoja wa watawala wawili wakuu wa mwaka ule, alipitisha sheria iliyoongeza adhabu ya ambitus kwa uhamisho wa miaka 10. Mwaka huohuo Lucius Murena, aliyekuwa amechaguliwa kuwa konsuli wa mwaka uliofuata, akashitakiwa kwa kosa hilo. Upande wa mashitaka alikuwamo seneta Cato. Aliyesimama kumtetea ni Cicero mwenyewe, mtunga sheria. Murena akaachiwa huru.

Kiingereza kiliichukua ambitio, kikaiita ambition. Kwa karne nyingi neno hilo lilikuwa karibu na lawama, jina la uchu wa vyeo. Siku hizi mwajiri hulitamka kwa kusifu. Ambitus halikupata nafasi hiyo. Limebaki katika vitabu vya sheria na historia ya Roma, na candidate amebaki na weupe peke yake.