Nishati Ipoteayo Bandarini: Dawa Ianzie Wapi?

Mtu asimamaye ufukoni mwa Dar es Salaam, nyakati ambazo bandari imezidiwa na shehena, huona meli kadhaa zimetia nanga mbali zikingoja zamu ya kuingia. Kwa macho zaonekana zimepumzika, lakini sivyo. Ndani ya kila meli jenereta zinanguruma usiku na mchana ili taa ziwake, pampu zifanye kazi, mabaharia wapikiwe chakula, na makontena ya baridi yasiharibu samaki, dawa au matunda yaliyomo. Mafuta yanaungua, wala hakuna hata gunia moja la mbolea linalosogea kumkaribia mkulima.

Habari ya nishati bandarini huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni habari ya kununua mitambo mipya. Husemwa kuwa ziletwe kreni za umeme, zifungwe taa za kisasa, na mapaa ya maghala yatandazwe vioo vya kuvunia nguvu za jua. Yote hayo ni mema, lakini ni kuanza safari katikati ya njia. Hasara iliyo nyepesi kuiondoa ni ile itokanayo na kungoja, na dawa yake ni utaratibu kabla ya kuwa mitambo.

Fizikia yaeleza sababu. Nguvu itakiwayo kuisukuma meli majini huongezeka karibu kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake. Chukua meli iliyo umbali wa maili 2,000 za baharini kutoka bandarini. Ikienda maili 20 kwa saa itafika kwa saa 100; ikienda maili 18 kwa saa itafika kwa saa 111 hivi. Mwendo umepungua kwa asilimia 10 tu, lakini nguvu ya injini imepungua kwa asilimia 27, na hata baada ya kuhesabu zile saa 11 zilizoongezeka, mafuta ya safari nzima hupungua kwa asilimia 19 hivi. Basi ikiwa meli hiyo itafika na kutia nanga siku mbili ikingoja gati, haraka yake ilikuwa ya nini? Wahenga waliosema haraka haraka haina baraka hawakuijua kanuni hii, lakini wangeikubali bila ubishi.

Nahodha, hata hivyo, hawezi kupunguza mwendo iwapo hajui gati litakuwa wazi lini. Tena, pale ambapo zamu hutolewa kwa kufuata nani alitangulia kufika, atakimbilia foleni kama afanyavyo dereva wa lori. Hapana budi, kwa hiyo, bandari impe kila nahodha saa yake ya kuingia siku kadhaa kabla, na zamu hiyo ilindwe. Hati za ushuru nazo zikaguliwe meli ikiwa bado njiani. Mambo haya hayahitaji chuma wala saruji. Yahitaji mawasiliano, nidhamu na ukweli.

Baada ya utaratibu ndipo ifuatapo zamu ya mitambo. Kreni inyanyuapo kontena la tani 30 kwa kimo cha mita 30 hulipa nishati tuli ya jouli milioni 8.8, yaani karibu kilowati-saa 2.5. Kontena lishushwapo, nishati hiyo haina budi kwenda mahali. Katika kreni nyingi za zamani hugeuzwa kuwa joto na kutupwa hewani. Katika kreni ya umeme iliyoundwa vema, mota hugeuka jenereta wakati wa kushusha, na sehemu kubwa ya nishati hiyo hurudishwa katika nyaya ili isaidie kunyanyua kontena jingine. Kwa kontena moja ni kidogo. Kwa maelfu ni fedha nyingi.

Hatua ya tatu ni kuipa meli umeme wa nchi kavu iwapo gatini, ili izime jenereta zake. Göteborg huko Sweden ilianza kufanya hivyo kwa umeme wa msongo mkubwa mwaka 2000, na Los Angeles ikafuata mwaka 2004 kwa meli za makontena. Tanzania sasa ina sababu ya kulifikiria jambo hili, kwani bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024, limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Lakini kuna kikwazo. Umeme wa taifa huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na meli nyingi hutumia mizunguko 60. Mtambo wa kuubadili ni wa gharama kubwa. Kuufunga mtambo huo katika bandari ambayo meli hungoja siku nyingi nangani kuliko gatini ni sawa na kununua taa kwa ajili ya nyumba isiyo na mlango.

Wapo wasemao kuwa kazi ya bandari ni kupakua upesi, na kwamba kuokoa nishati ni anasa ya mataifa tajiri. Hoja hiyo yajipinga yenyewe. Bandari ipakuayo upesi ndiyo iokoayo nishati, na iliyo maskini ndiyo isiyomudu kupoteza. Gharama ya meli kungoja haibaki baharini: huingia katika bei ya mbolea Iringa, ya dawa Lubumbashi na ya saruji Bujumbura. Wakazi wa Kurasini na wafanyakazi wa magatini hulipa kwa njia nyingine, yaani kwa mapafu yao. Tangu mwaka 2020 kiwango cha salfa kiruhusiwacho katika mafuta ya meli kimeshushwa duniani kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, lakini vumbi laini la moshi bado lipo.

Yafaa, basi, bandari ianze kwa kuhesabu: saa ambazo kila meli ilingoja, lita na kilowati-saa zilizotumika kwa kila kontena, na hesabu hizo zitangazwe kila mwaka ili wananchi wazione. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu zenyewe si ngumu. Mwanafunzi wa sekondari aliyekwisha kufundishwa kazi, nishati na nguvu aweza kuzifanya ubaoni, na mwalimu wake hatakosa mfano ulio karibu zaidi na maisha ya taifa kuliko huu.