WEKUNDU WA CHOYA SIYO DAMU (Sehemu ya 4)

Ndugu zangu wa Karagwe na Kyerwa, leo tuongee rangi. Mama mjamzito akipimwa na kuambiwa damu yake ni 8, kabla hajafika nyumbani ameshashauriwa: kunywa choya, kunywa bitiruti, chochote chekundu kinaongeza damu. Mimi napinga.

Damu ni nyekundu kwa sababu ya himoglobini, na ndani ya himoglobini kuna madini chuma. Choya, wengine mnaiita rozela, ni nyekundu kwa sababu ya anthosiyanini, rangi ambayo mmea unajitengenezea wenyewe. Zabibu nyeusi zinayo, na maua mengi pia. Rangi hiyo haina chuma ndani yake. Bitiruti nayo ina rangi nyingine kabisa, betalaini, ndiyo inayofanya mtu akojoe pinki kesho yake akadhani damu imejaa mpaka inamwagika!

Hamuamini? Mimina choya kwenye glasi mbili. Moja tia magadi kidogo: wekundu unapotea, inaelekea bluu au kijani. Nyingine kamulia ndimu: wekundu unakolea. Damu haina mchezo huo.

Sisemi choya ni mbaya, kunyweni. Ninachogombana nacho ni vidonge vinavyobaki chini ya godoro. Vile vya chuma na foliki mnavyopewa kliniki ni vya kila siku. Najua vinaleta kichefuchefu na choo kinakuwa cheusi. Weusi huo ni chuma ambacho mwili haukukichukua, usiogope. Kichefuchefu kikizidi, meza pamoja na chakula, au njoo tuongee, ila usiache kimyakimya. Mama mwenye damu chini ya 7 akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, tunaweza kumpoteza huku tunamwangalia.

Kwenye sahani, ndizi zetu na maharage siyo haba. Maharage yana chuma, ila mwili unakichukua kwa shida, kwa hiyo ongeza dagaa, malizia na chungwa. Chai na kahawa zisubiri kama saa moja baada ya kula, maana zinazuia chuma (najua nawaambia watu wa kahawa, mnisamehe). Na malaria inapasua chembe nyekundu zenyewe. Chandarua kinalinda damu kuliko bitiruti.

Baba uliyeleta lita mbili za choya, asante kwa upendo. Leo jioni muulize mama vidonge vimebaki vingapi.