Mtoto wa Mfugaji na Vizingiti Viwili vya Lugha

Kuanzia mwaka 2006, Serikali ilipowaondoa wafugaji katika Bonde la Usangu na Ihefu na kuwaelekeza, miongoni mwa maeneo mengine, mkoani Lindi, vijiji kadhaa vya Kilwa vimepokea familia za Wasukuma na Wabarbaig. Tumejadili sana mifugo yao na migogoro ya ardhi. Watoto wao walioko darasani tumewajadili kidogo mno.

Mtoto huyu hutoka nyumbani na Kisukuma au Kidatooga. Shule ya msingi humfundisha kwa Kiswahili, lugha ya kufundishia katika ngazi hiyo tangu 1967. Septemba hufanya mtihani wa darasa la saba kwa Kiswahili. Januari huingia kidato cha kwanza na kukuta Baiolojia, Jiografia na Hisabati kwa Kiingereza. Mwenzake wa Kilwa Kivinje aliyezaliwa na Kiswahili huvuka kizingiti kimoja. Yeye huvuka viwili.

Ndipo huanza ule ukimya ambao walimu wengi huuita uzito wa akili. Naukataa utambuzi huo. Kijana anayejua tangu utotoni jinsi ng'ombe anavyocheua hushindwa swali la mmeng'enyo wa chakula kwa kuwa tu limeulizwa kwa Kiingereza. Hapo tunapima lugha, kisha tunatangaza kwamba tumepima elimu.

Nitaambiwa kwamba wazazi wanakitaka Kiingereza. Ni kweli, na wana haki. Lakini kufundisha Kiingereza ni jambo moja, na kufundisha kwa Kiingereza ni jambo jingine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote, na Kiingereza kiimarishwe. Muongo mmoja umepita, na darasa la sekondari halijabadilika.

Wakati tukisubiri mabadiliko, halmashauri zinaweza kuanza na madogo: kuandikisha lugha ya nyumbani ya kila mwanafunzi, kuzipa wiki za mwanzo za kidato cha kwanza mafunzo ya Kiingereza yenye mpango, kumruhusu mwalimu aeleze dhana kwa Kiswahili kabla ya istilahi za Kiingereza, na kukomesha adhabu kwa anayeteleza na kusema lugha ya mama yake.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Dawa tutakayomtafutia mtoto wa mfugaji itamponya pia mtoto wa Kimatumbi aliyeketi kando yake, kimya vilevile.