Mgeni hana shahidi kijijini

Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wananchi na gari lao likateketezwa. Uvumi ulikuwa umezagaa kwamba kuna wanyonya damu wanazunguka, na hao watatu walikuwa sura ngeni ndani ya gari geni. Viongozi walilaani, watu wakakamatwa, magazeti yakaandika kwa siku kadhaa. Tulisema mengi kuhusu ukatili wa mauaji yale na machache mno kuhusu kilichoyatangulia, yaani zile dakika chache ambazo watu wazima wenye akili timamu waliangalia jambo na kuona jingine.

Kuchukua sampuli za udongo ni kazi isiyo na siri yoyote. Mtafiti husimama katikati ya shamba lisilo lake, huondoa majani, huzungusha kifaa cha kuchimbia mpaka kina anachokitaka, huutia udongo kwenye mfuko mdogo wa plastiki, huuandika namba, kisha husogea hatua kadhaa na kuanza upya. Macho yake yako chini, kwa hiyo huenda asimsalimie kila apitaye. Kwa aliyesomea kilimo hiyo ni shughuli ya kuchosha. Kwa aliyeambiwa jana jioni kwamba wanyonya damu hutembea na vifaa na mifuko, kila kitendo hapo kinathibitisha alichokisikia. Mwenyeji hadanganywi na macho yake. Kifaa anakiona kweli na mifuko anaiona kweli. Anapokosea ni pale anapodhani kwamba ugeni wa anachokiona unamwambia lolote kuhusu nia ya mwenye nacho. Dalili tunazomhukumia mgeni hupima umbali uliopo kati yake na mazoea yetu, basi. Lafudhi, mavazi, namba za gari, kutojua njia: hakuna hata moja kati ya hizo inayojua moyo wa mtu.

Historia yetu ina ushahidi wa kutosha. Enzi za ukoloni, watu wengi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliamini kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwatoa damu, na hofu hiyo ya mumiani ndiyo iliyozusha ghasia za Buguruni mwaka 1959, ambazo zilimgharimu askari polisi maisha yake. Mwaka 2017 hofu ya aina hiyohiyo ilizuka kusini mwa Malawi. Watu waliuawa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Agosti 2021, Kitengela katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, vijana wanne waliuawa na kundi la watu waliowashuku kuwa wezi wa mifugo. Gari la zimamoto limegeuka gari la utafiti, damu imegeuka ng'ombe, lakini njia ya kufikia hukumu ni ileile: hatumjui, basi anatudhuru.

Najua jibu la mwananchi wa kawaida, na ni jibu la kuheshimiwa. Atasema wezi wa mifugo wapo, watoto huibwa, na anayelala bila tahadhari ataamkia kilio. Ni kweli. Ila mwenye nia mbaya ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kuonekana wa kawaida. Mwizi mzoefu huijua njia ya mkato, hujua zizi lipi halina mbwa, na mara nyingi ana mwenyeji wake hapohapo kijijini. Anayeingia mchana kweupe, akasimamisha gari barabarani na kuuliza njia, ametangaza ugeni wake kwa kuwa hana cha kuficha. Tukiuchukua ugeni kuwa alama ya uovu, tutawanasa zaidi wasio na hatia, na yule mjanja atapita katikati yetu akitusalimia kwa majina.

Wapo pia watakaosema kwamba polisi hawafiki, na wakifika, mtuhumiwa aliyepelekwa kituoni asubuhi huonekana mtaani jioni. Hili linauma zaidi kwa sababu lina ukweli ndani yake. Walakini dhamana si kuachiwa huru. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa lake halijathibitishwa, na ulinzi huo ni wa mwenyeji pia siku atakapokuwa mgeni kwenye kijiji cha wengine. Hasira dhidi ya polisi wazembe nami ninayo. Lakini kundi lenye mawe halimwadhibu polisi huyo, wala mwizi aliyetoroka wiki iliyopita. Linamwadhibu aliye karibu, ambaye mbele ya umati hana jirani wa kumtetea wala mtu anayemjua kwa jina la baba yake.

Silaumu yowe lenyewe. Yowe huokoa nyumba zinazoungua na huokoa wanawake wanaopigwa usiku, na kijiji kisichoitikia yowe kimekufa. Wito wa kukusanyika haraka ubaki. Kinachohitaji kucheleweshwa ni hukumu. Mwaka 2018, baada ya uvumi wa wezi wa watoto kusababisha mauaji mengi nchini India, WhatsApp ilipunguza idadi ya watu au makundi ambayo ujumbe mmoja ungeweza kusambaziwa kwa mkupuo, ikawa matano. Januari 2019 ikaueneza utaratibu huo duniani kote. Tabia za watu hazikubadilika, ila kiliwekwa kizuizi kidogo cha muda kati ya kusikia na kusambaza.

Vijiji vyetu vinaweza kuwa na kizuizi cha namna hiyo bila gharama kubwa. Anayeshukiwa apelekwe ofisi ya mtendaji wa kijiji, barua yake ya utambulisho isomwe kwa sauti, na ofisi ya kata ipigiwe simu. Taasisi nazo ziache kutuma watumishi mashambani kama vile barua iliyofika halmashauri imewafikia wakulima. Tangazo lipite kwenye mkutano wa kijiji, msikitini, kanisani na mnadani siku kadhaa kabla ya gari kuonekana, na mwenyeji mmoja anayefahamika aambatane na wageni hao shamba kwa shamba. Halmashauri inayoruhusu utafiti kufanyika bila hatua hizo inawapeleka watumishi wa umma mahali ambapo hakuna atakayesimama kusema anawajua.