Sentensi Nzima, Hoja Iliyopotea

Wazazi wengi wa hapa Temeke hutuuliza swali moja: vipi mtoto aliyefaulu vizuri darasa la saba ashindwe kujieleza afikapo kidato cha kwanza? Jibu lililozoeleka ni kwamba hajui maneno ya Kiingereza. Sisi hatuliafiki sana. Tukiyafungua madaftari ya watoto wanaokuja msikitini kujisomea baada ya Alasiri, maneno tunayaona. Kinachokosekana ni viunganishi, na mara nyingine vimewekwa mahali pasipo pake.

Tuchukue somo la Historia. Mwanafunzi anaulizwa kwa nini Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kuanzia 1905 hadi 1907, vilimalizika kwa wananchi kushindwa. Anaandika: "The fighters were brave. They had poor weapons. They were defeated." Sentensi zote tatu ni sahihi, ila msahihishaji haoni hoja, anaona shanga tatu zisizo uzi. Mwenzake anaandika: "Although the fighters were brave, they were defeated because they had poor weapons." Ameongeza "although" na "because" tu, na sasa tunajua lipi lilikuwa sababu na lipi halikutosha. Alama za insha hupatikana hapo.

Kwa nini mtoto wetu haviweki? Si uvivu wala ujinga. Kiswahili mara nyingi huweka kiungo ndani ya kitenzi chenyewe. Tunasema "alikwenda Tandika, akanunua samaki, akarejea," na hiyo "ka" ndiyo iliyoyafuatanisha matendo. Tunasema "mvua ikinyesha, barabara hujaa maji," na "ki" imelibeba sharti lote. Kiingereza hakina viambishi hivyo. Hutaka neno lisimame peke yake, "then", "when" au "if". Mtoto anayetafsiri neno baada ya neno huziacha "ka" na "ki" nyuma bila kujua kuwa ameacha kitu.

Lipo pia kosa la kuzidisha. Kwetu si ajabu kusema "ingawa mvua ilinyesha, lakini soko lilifunguliwa." Mtoto akiihamisha vilevile, huandika "although" mwanzoni na "but" katikati, naye mwalimu humchorea mstari mwekundu. Kiingereza kinataka kimoja tu kati ya hivyo viwili. "Na" yetu nayo ina kazi nyingi: "mimi na baba" ni "and", "nilikwenda na baba" ni "with", "niliitwa na baba" ni "by".

Hapa watoto wa madrasa wana mtaji ambao hautumiki. Waliofika kwenye Al-Ajurrumiyya, kitabu kifupi cha nahwu cha Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki 1323, wameusoma mlango wa atfu wenye herufi kumi. Wanajua kuwa "wa" hukusanya tu, "fa" hufuatanisha bila kukawia, na "thumma" hufuatanisha kukiwa na muda katikati. Anayelijua hilo hashangai akiambiwa kwamba "and" na "then" si kitu kimoja. Hata "au", "bali" na "lakini" tunazozitumia kila siku asili yake imo katika mlango huohuo. Ustadhi na mwalimu wa Kiingereza wanamfundisha mtoto mmoja jambo moja, nao hawajapata kuketi pamoja walizungumze!

Mzazi asiyejua Kiingereza asijitoe. Mtoto akueleze kwa Kiswahili sentensi zake mbili, kisha umuulize: hii ya pili ni sababu ya ile ya kwanza, ni matokeo yake, au inaipinga? Akishajibu, ndipo atafute neno: "because", "so" au "but". Asianze na neno. Tumewaona wanaokariri "moreover" na "furthermore" wakazinyunyiza kila aya kama chumvi, ilhali sentensi ya pili haiongezi lolote juu ya ile ya kwanza. Msahihishaji hadanganyiki.

Sentensi mbili kila usiku baada ya Isha zinatosha kwa mwezi wa kwanza. "However" na nuktamkato yake visubiri hadi hizo tatu zimkae mkononi.