Nahodha Hashoni Tanga Baharini

Kuna neno nililolitamka barazani kwetu Mikindani mwaka 2021 ambalo hadi leo nikilikumbuka hunitia haya. Tulikuwa tumekwisha sali Isha, muuza kahawa amekaa na birika lake, na vijana wameinamia simu wakitazama timu ya taifa ya mpira wa kikapu. Mara akaonyeshwa kocha: mwanamke wa Kizungu, amesimama ukingoni mwa uwanja, anawakaripia wanaume ambao baina yao hakuna asiyemzidi kimo. Nami, bila ya kuulizwa, nikasema, "Basi tumekwisha. Mwanamke ataamrisha vipi majitu yale?" Wazee wenzangu wakacheka, nami nikajiona nimenena.

Asiyecheka ni mpwa wangu, binti ya dada yangu, aliyekuwa mlangoni ameshika sinia ya vikombe. Habari zake nitazirejea. Kwanza nataka nikipime kikosi kile na kocha wake mpya, kwani miaka imepita na maneno ya ushabiki yamepoa. Sasa mtu anaweza kuhukumu kwa uadilifu.

Kocha huyo ni Liz Mills wa Australia, aliyekabidhiwa timu ya wanaume ya Kenya mwanzoni mwa mwaka 2021. Hakuwa mgeni wa Afrika, maana alikwisha fundisha Zambia na kusaidia timu ya Kamerun. Lakini timu aliyoipokea ilikuwa na deni kubwa. Mara ya mwisho Kenya kucheza mashindano ya Mataifa ya Afrika ilikuwa 1993, yalipofanyika Nairobi nasi tukatoka wa nne. Tangu hapo, miaka 28, tulikuwa watazamaji tu. Na Novemba 2020, katika duru ya kwanza ya kutafuta nafasi iliyochezwa Kigali, vijana wetu walifungwa na Senegal na Angola, wakaambulia ushindi juu ya Msumbiji.

Duru ya pili ilikuwa Februari 2021 mjini Yaoundé. Huko Kenya ikaishinda Angola 74 kwa 73. Msomaji asiyefuata mchezo huu huenda asijue uzito wa jambo hili, basi na nimwambie: Angola wakati huo ilikuwa imechukua ubingwa wa Afrika mara 11. Mpira wa ushindi aliutia Tylor Ongwae dakika za mwisho kabisa, na kipande cha picha zile kilipita simu kwa simu hadi kikatufikia sisi wa Mikindani ambao hatukujua kama kuna mashindano. Kenya ikapata tiketi ya kurudi Kigali mwezi wa Agosti, na Bi Mills akaandikwa kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume katika mashindano hayo.

Watu wakasema kocha mpya kaleta muujiza. Mimi sisemi hivyo, wala simnyimi haki yake. Nasema kwamba nahodha hashoni tanga baharini. Akipanda chomboni hulikuta tanga limekwisha shonwa. Kazi yake ni kujua upepo watoka wapi, alitweke lini na alipunguze lini. Tanga likiwa bovu, nahodha hodari atachelewa kuzama kuliko nahodha mjinga, lakini watazama wote wawili.

Basi tuulize: tanga lile lilishonwa wapi, na nani? Ongwae alipitia Ranger College huko Texas, kisha chuo kikuu cha Louisiana-Monroe, na baadaye akaenda kula mkate wake Denmark na klabu ya Bakken Bears. Tom Wamukota, yule mrefu wa chini ya kikapu, alikwenda Wichita State, Kansas, na mwaka 2021 alikuwa Rwanda na Patriots. Desmond Owili alicheza Australia. Hao wakaungana na wenzao wa ligi ya nyumbani. Kabla ya hapo, mwaka 2019, kocha wa nyumbani Cliff Owuor alikwisha ifikisha timu ya Kenya fainali ya AfroCAN mjini Bamako, ambako tulishindwa na Kongo ya Kinshasa. Kwa hiyo nyuzi zilikuwapo. Nyingine zilisokotwa na vyuo vya watu, nyingine na klabu za watu, na nyingine na mwalimu wetu wenyewe aliyetangulia. Bi Mills alizikuta, akazijua, akazifunga pamoja kwa wiki chache. Huo ndio uhodari wake, nao si haba. Wangapi tumewaona wakipewa nyuzi nzuri wakatoka na fundo?

Sasa tazama Kigali. Kenya ilifungwa na Côte d'Ivoire na Nigeria, ikaishinda Mali 72 kwa 66, ikavuka kwenda kupigania nafasi ya robo fainali. Hapo ikakutana na Sudan Kusini, ikashindwa 60 kwa 58. Wengi walilia pointi mbili zile. Mimi naziangalia tarakimu zote mbili, kwa kuwa ndizo zinazosema kweli ya kikosi. Kumzuia adui asipite pointi 60 katika dakika 40 ni kazi ya watu waliofundishwa kulinda, wanaosikizana, wasioona haya kukimbia kurudi nyuma. Lakini kupata 58 tu ni dalili ya timu isiyo na wafungaji wa kutosha. Mwenye mkono wa kufunga akibanwa na walinzi wawili, nani wa pili? Na wa pili akichoka, nani anainuka kutoka benchi? Kikosi hupimwa kwa wale wanaokaa. Watano wa mwanzo kila timu inao. Kocha akigeuza shingo kutazama benchi, hapo ndipo nchi nzima inapoulizwa ilifanya nini miaka kumi iliyopita.

Waliotushinda kwa pointi mbili wametoa jawabu lao. Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru 2011, ilicheza Kombe la Dunia 2023 na Olimpiki ya Paris 2024. Kabla ya Paris waliitoa jasho Marekani mjini London, wakashindwa kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Wao nao vijana wao wametawanyika ughaibuni. Tofauti ni kwamba walikuwa na Luol Deng aliyeshika shirikisho kwa mkono mmoja, na kocha Royal Ivey aliyedumu nao hadi Paris. Sisi je? Bi Mills mwaka 2022 alikuwa Morocco akiongoza AS Salé katika ligi ya Afrika. Na mashindano ya Afrika yalipochezwa Angola, Agosti 2025, Rwanda walikuwapo, Uganda walikuwapo, Madagaska walikuwapo. Kenya haikuwapo. Lau muujiza ungekuwa wa kocha, ningesema tumempoteza kocha na basi. Lakini tulichokosa ni tanga la pili: la kwanza lilipochakaa, hapakuwa na lingine lililokuwa likishonwa.

Hapa ndipo ninapotaka kurudi nyumbani, maana rahisi kulaumu Nairobi ukiwa umekaa barazani.

Mikindani yetu imekaa kando ya mkono wa bahari wa Tudor, mbele yetu mikoko, nyuma yetu barabara kuu na malori yasiyolala. Ukipanda matatu ukapita Changamwe na Kibarani na kuvuka Makupa, si mbali utafika Makande, ambako Halmashauri ya Bandari ina ukumbi wa mpira wa kikapu na timu zake, ya wanaume na ya wanawake. Ile ya wanawake imeitangaza Mombasa hata nje ya Kenya. Na huko Tudor kipo chuo kikuu cha ufundi. Wazee wanakikumbuka kwa jina la MIOME, taasisi iliyojengwa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi, kabla haijawa politekniki mwaka 1972 na chuo kikuu mwaka 2013. Basi Pwani haikukosa chuo wala ukumbi. Waliotupa Ongwae na Wamukota ni vyuo vya nchi ambazo zimeona kwamba kijana mrefu anaweza kusoma na kucheza, na moja lisimzuie la pili. Sisi kijana mrefu tunamwona kuwa kichekesho. Tunamwambia atungulie embe.

Na binti mrefu je? Hapa natubu mbele ya wasomaji wangu. Mpwa wangu mwaka ule alikuwa na miaka 16, kimo chake kimempita mama yake na mimi pia. Kila Jumamosi akija kuniamkia na kuniomba nauli ya Makande, akafanye mazoezi na wasichana wenzake, nami nikimpa bila ya kuuliza sana. Baada ya usiku ule wa sinia ya vikombe, Jumamosi iliyofuata aliniamkia kama kawaida, "Shikamoo mjomba," akakaa, akanisomea gazeti, akaenda zake. Nauli hakuomba. Wala Jumamosi ya pili. Mimi nikadhani amekua, ameacha michezo ya kitoto. Mamake ndiye aliyenambia baadaye: mtoto alisema ikiwa mwanamke kusimama uwanjani ni jambo la kuchekwa na mjomba wake msomi, basi hana haja ya kwenda kuchekwa.

Yakini neno lile lilinichoma, kwa sababu nilisoma chuoni nikiwa mdogo, nikafundishwa yaliyo kinyume chake. Nani asiyejua kwamba Bibi Khadija alikuwa na mali na misafara, na kwamba Mtume wetu (s.a.w.) kabla ya kumuoa alimfanyia kazi ya biashara hadi Sham? Nani asiyesikia kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha, mara akashindwa, mara akashinda? Na mji wetu huu wa Mvita, masimulizi ya wazee hayaanzi na Mwana Mkisi, malkia, kabla ya Shehe Mvita? Niliyajua yote hayo, lakini barazani nilitaka kuchekesha. Kejeli haina dalili ya dini wala ya ada. Ni uvivu tu wa kufikiri.

Atakayenambia kwamba mavazi ndiyo kizuizi, namkubalia kwamba palikuwa na kizuizi, lakini hakikuwekwa na sisi. Shirikisho la dunia la mchezo huu ndilo lililokataza kufunika kichwa uwanjani, na katazo hilo liliondolewa mwaka 2017. Mlango ule ukafunguliwa. Ukibaki mwingine umefungwa, ufunguo wake tunao sisi, wazazi na wajomba.

Sidai kwamba mpwa wangu angevaa jezi ya taifa. Hilo ni la Mungu. Ninachosema ni kwamba benchi la timu hujazwa au hutobolewa mbali sana na kocha, nyumbani, kwa nauli ya Jumamosi na kwa ulimi wa wakubwa. Tukishindwa kwa pointi mbili Kigali tunamtazama aliyekosa mpira wa mwisho. Hatumtazami mjomba aliyekaa barazani na kikombe cha kahawa.

Mpwa wangu sasa ni mwanamke mzima, anafundisha watoto. Mwezi uliopita alikuja na ombi. Anataka ringi ichomelewe na fundi, itiwe kwenye nguzo uwanjani nyuma ya nyumba, watoto wake wa chuo wacheze baada ya Alasiri, wavulana siku yao na wasichana siku yao. Fundi alimtajia bei, akaniletea mimi. Nimelipa, na nguzo imesimama. Kwa sasa mpira wenyewe ni mmoja, umechujuka hata rangi haijulikani.

Nami kama ilivyo desturi yangu katika ukurasa huu, nafunga kwa ubeti mmoja:

Nahodha hashoni tanga, hulipokea bandari,
Washonao hulitunga, kwa uzi ulo mzuri,
Na upepo ukigonga, ndipo tujue habari,
Vijana tusipojenga, kocha atafanya nini?